Waruka Miiba

Zamani hizo, Ijumaa ilikuwa siku yenye harufu yake mjini Hamilton, jimbo la Ohio. King'ora cha kiwanda cha karatasi kilipolia jioni, nusu ya mtaa wa kina Verdie ilikuwa imeshafungasha. Wanaume walitoka kazini wakaingia magarini bila hata kunawa uso, wakaelekea kusini, kwenye milima ya Kentucky walikozaliwa. Ohio waliifuata kazi tu. Arvil, baba yake Verdie, alikuwa hakosi safari, na Verdie, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alizipenda safari hizo kuliko sikukuu.

Lakini Ijumaa moja ya Septemba aliamka na kisirani. Bibi yake alikuwa ametunga maharage mabichi kwenye nyuzi, maganda na yote, akayaning'iniza barazani yakauke kwa ajili ya majira ya baridi.

"Bibi, yatoe bwana! Watu wanapita."

"Na wapite. Barabara si yangu."

"Watajua sisi ni waruka miiba."

"Kwani sisi wenyewe hatujui?" Bibi akacheka.

Verdie hakucheka. Mruka miiba ni jina ambalo watu wa Ohio waliwabandika waliotoka Kentucky, wakimaanisha mshamba wa milimani anayekimbia peku vichakani. Shuleni, Verdie alikuwa amewaambia wenzake kwamba kwao ni Cincinnati, jiji la hukohuko Ohio. Basi alizishusha zile kamba za maharage, akazificha nyuma ya jiko, akaenda zake.

Wiki hiyo darasa lao lilikuwa limepata mgeni kutoka Kentucky, msichana aitwaye Ocie. Viatu vyake vilikuwa vikubwa na maneno aliyavuta. Siku hiyo, wakati wa chakula cha mchana, alitoa mkate wa mahindi na maharage yaliyopoa.

"Makubwa haya!" alisema Lois Brandt, msichana ambaye kila mtu alitaka awe rafiki yake. "Hebu zungumza tena, tusikie unavyovuta maneno!"

Wasichana wakamgeukia Verdie, wakingoja na yeye atie lake.

"Muulizeni hivyo viatu kaazima kwa nani," Verdie akasema kwa sauti. "Mruka miiba we!"

Wakaangua kicheko. Ocie aliufunika mkate wake, wala hakuugusa tena. Verdie alijipa moyo kwamba hata baba yake hulisema jina hilo kila siku na watu hucheka. Kuna ubaya gani?

Jioni, Baba alisimamisha gari mbele ya nyumba ngeni. "Leo tuna abiria," alisema. "Mwenzangu wa kiwandani na binti yake. Mkewe ni mgonjwa, bado yuko kule milimani."

Mlango ukafunguliwa, akatoka Ocie na baba yake. Verdie akajibanza kwa Bibi kwenye kiti cha nyuma.

"Mnafahamiana?" Baba aliuliza.

"Tunasoma pamoja," Ocie alijibu, akaingia garini. Neno moja tu la Ocie lingetosha kumuumbua mbele ya watu wote aliowapenda.

Walipofika kwenye daraja la mto mkubwa unaotenganisha Ohio na Kentucky, Bibi alishusha kioo kama kawaida yake, akavuta pumzi ndefu. "Nanusa nyumbani," alisema, machozi yakimlengalenga. Naye Baba, kama kawaida yake, akaanza mzaha.

"Mruka miiba mmoja alikufa akaenda mbinguni. Akapewa nyumba ya dhahabu, kinanda na kila kitu. Ijumaa malaika wakamkuta langoni na mzigo kichwani. 'Wapi tena, ndugu?' 'Aa, naenda nyumbani mara moja. Jumatatu nitarudi!'"

Gari zima likacheka. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho, na Ocie naye akacheka kwa moyo wake wote. Jina ni lilelile lililomkatisha chakula mchana! Verdie peke yake hakuweza kucheka. Akaangua kilio.

"Leo nimemwita Ocie jina hilo shuleni. Na nimewadanganya watu kwamba kwetu ni Cincinnati."

Bibi akauliza polepole, "Kwetu Cincinnati? Basi hili gari linakwenda wapi?"

Swali hilo lilimuuma Verdie kuliko viboko. "Lakini Baba akilisema hakuna anayekasirika! Mbona Ocie kacheka sasa hivi?"

"Muulize mwenyewe," alisema Bibi.

"Baba yako anajicheka yeye na sisi sote," alisema Ocie. "Na mimi nimo. Wewe ulinitoa nje."

"Nisamehe, Ocie. Nimekosa."

Ocie akamgeukia Bibi, akasema, "Bibi, una mkate? Leo sikula."

Bibi alimpa kipande kikubwa. Ocie akakimega, nusu akampa Verdie.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda shule, Verdie alizirudisha kamba za maharage barazani. Darasani alikaa na Ocie, akasema wazi, "Mimi si wa Cincinnati. Kwetu ni Kentucky." Baadhi walicheka. Lois hakucheka, na jioni akawafuata wawili hao mpaka nyumbani kwa kina Verdie.

"Bibi," aliuliza, akizungusha kidole kwenye nywele, "kwani mruka miiba ni tusi? Mbona nyie mnaitana hivyo?"

"Ni tusi, mwanangu," alisema Bibi, mikono yake ikiendelea kutunga. "Waliotubandika jina hilo walitaka tujione duni. Sisi kwa sisi tumeligeuza mzaha, maana kidonda changu nikikishika mwenyewe, najua pa kushika. Wewe kabla hujamwita mtu jina, mtazame usoni. Akiacha kula, jua umemuumiza."

Lois aliinamisha kichwa. "Sasa nimwiteje?"

"Ana jina. Mama yake alimpa." Kisha Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe, anayekana kwao ili apendwe, anayependwa si yeye. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Samahani, Ocie," alisema Lois kwa sauti ndogo.

Bibi akasogeza kikapu. "Haya, kila mmoja na sindano yake. Maharage haya hayataki maneno mengi."