Makala ya Saa Kumi na Robo

Alhamisi, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, mwenye kiwanda cha mikate aligeuza skrini ya kompyuta ili kila mtu aone. Kwenye blogu ya mwokaji wake kulikuwa na makala mpya: “Msile mikate yetu. Unga una funza na bosi anajua.” Chini yake, tarehe ya jana, saa kumi na robo alfajiri.

“Hoteli mbili zimeshafuta oda,” alisema. “Saa nne nataka funguo zako mezani.”

Mwokaji alikula yamini kwamba hakuandika. Kisha akampigia shangazi yake.

Shangazi alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini, na waongo aliowasikia wangejaza uwanja wa mpira. Saa tatu kamili alikuwa ofisini, mkoba kwapani.

“Neno la siri la blogu nani mwingine analijua?”

“Nililibandika pembeni ya kompyuta, shangazi. Niliogopa kulisahau.”

“Si ungelitangaza redioni tu, mwanangu.”

Wengine walioitumia kompyuta ile ni wawili. Msichana wa kaunta aliingia kwanza. Ndiyo, yeye na mwokaji waligombana juzi, kwa sababu ya picha yake mbaya iliyowekwa kwenye blogu. “Lakini mimi naingia kazini saa mbili. Alfajiri niko kitandani.”

Msimamizi wa zamu alikuja macho makavu. “Sipendi kumchongea mtu. Ila jana alfajiri nilipita hapa nikamwona anachapa. Saa kumi na robo. Niliangalia saa ya ukutani.”

“Una hakika?”

“Kama ninavyokuona wewe, mama.”

“Nilikuwa kwenye tanuri,” mwokaji alisema. “Peke yangu.”

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Mwenye kiwanda alianza kuandika barua ya kumfukuza. Shahidi alikuwa amenyooka, na mwokaji hakuwa na wa kumsemea.

“Hebu nifungulie makala yako ya kwanza,” shangazi alimwambia.

Aliikumbuka Jumapili ilipoandikwa, wiki tatu nyuma. Walikuwa wamekaa pamoja, mwokaji akichagua jina na rangi za blogu. Makala ilianza: “Ndiyo kwanza tumemaliza chakula cha mchana.” Chini yake palisomeka saa kumi na nusu alfajiri.

Shangazi aliisoma mara mbili.

“Mimi nilikuwepo. Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Saa ya blogu uliirekebisha?”

“Ukurasa wa mipangilio niliuruka. Nilikuwa na haraka ya kuandika.”

“Basi inafuata saa za nchi za watu, iko nyuma kwa saa tisa. Na hii ya funza iliandikwa jana saa saba na robo mchana. Saa hiyo ulikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi, simu yako imo kwenye mkoba wangu huu.”

“Ruhusa nilimpa mimi,” mwenye kiwanda alisema taratibu, akaweka kalamu chini.

Shangazi alimgeukia msimamizi. “Alfajiri makala haikuwepo, bwana. Ulimwona nani akiichapa?”



“Jana saa saba msimamizi alinituma stoo nihesabu trei,” msichana wa kaunta alisema. “Ofisini alibaki yeye.”

“Uliandika mchana,” shangazi aliendelea. “Leo bosi alipowaonyesha saa ile kwenye skrini, ukaona umeokota dodo. Ukajifanya shahidi.”

Msimamizi alikaa kitini bila kukaribishwa. “Miaka kumi na moja nakanda unga hapa,” alisema. “Huyu nilimfundisha mimi, tangu hajui kuwasha tanuri. Sasa wateja wanakuja na simu kutafuta mkate wake. Makala saba, na jina langu halimo hata katika moja.”

Mwokaji alifuta machozi, akavuta kompyuta. Alifungua rasimu, pale zinapokaa makala ambazo bado hazijatolewa, akaisogeza skrini mbele ya msimamizi. Ilikuwa moja tu, ya Jumanne, na ilihusu mtu aliyemfundisha kazi.

“Nilikuwa nangoja unipe picha yako,” alisema.

Mwenye kiwanda alinyoosha mkono kudai funguo. Msimamizi alimpa bila kuinua uso. Aliisoma rasimu mpaka mwisho, akarudi juu, akaanza tena.