Wastani wa Marehemu

Dhoruba ya mchanga ilipotulia, barabara haikuwepo. Fundi cherehani aliyeshika usukani alihangaika mchangani tangu asubuhi, akapunguza upepo wa matairi ili gari lisizame, na adhuhuri ndipo akaipata lami. Kufikia hapo petroli ilikuwa kidogo na maji yalikuwa chupa moja.

Abiria wake alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Walikuwa wanatoka kwenye mgodi wa chumvi kuchukua vitu vya marehemu: gari hili la haibridi, linalotumia petroli na betri, na kitanda cha mbao alichokichonga kwa miaka miwili, sasa kimefungwa juu ya paa. Mume alikufa kwa homa hukohuko, mkewe akafika siku moja baadaye. Wifi mtu hakuisamehe ile siku moja, na hakuna msiba uliomziba mdomo.

"Kituo cha mafuta?" aliuliza.

"Kilomita tisini."

"Skrini inasema tuna mia na ishirini. Washa kiyoyozi twende."

Fundi hakugusa kitu. Namba ile haikuwa yao. Gari lilikisia kwa wastani wa safari zote zilizopita, na safari hizo alikuwa ameendesha mumewe, mtu aliyekanyaga mafuta kama anayeogopa kuamsha mtoto mchanga.

"Inabidi niufute huo wastani, tujue ukweli wetu."

"Ukiufuta, kaka atabaki wapi?"

Jamani, swali hilo lilimkata maini. Hata yeye asubuhi alikuwa ameipapasa namba ile kwa kidole. Akabonyeza. Walipokwenda kilomita chache, skrini ikasema hamsini na nane.

Walisimama. Wifi akatazama jangwa pande zote, kisha bila kuambiwa akapanda na kufungua kamba za kitanda. Kilikuwa kinashindana na upepo na kula mafuta yao. Lakini alikataa kitupwe. Walikisimamisha kando ya lami kwa miguu yake minne, akapangusa vumbi kwa mtandio. Fundi alijaza matairi kwa pampu ya mguu mpaka yakawa magumu tena.

Wakaondoka. Mwendo sitini, kiyoyozi kimezimwa, vioo wazi upana wa kidole. Penye mteremko aliinua mguu, gari likajichaji lenyewe. Penye kona alianza kugusa breki mapema, taratibu. Kwenye kioo cha nyuma kitanda kilizidi kuwa kidogo, na ukingoni mwake palikuwa na mtu ameketi, ameinama kama anayevua viatu.

"Usiangalie kioo," wifi alisema kwa sauti ndogo.

Kumbe naye ameona.

Kila injini ilipojizima na gari kubaki kwenye betri, kimya kilikuwa kizito, na ndani ya kimya hicho paa liligongwa mara tatu polepole. Juu hapakuwa na kitu tena. Fundi aliogopa, lakini aliogopa zaidi kukanyaga. Midomo ilipasuka. Waliloweka kona ya mtandio na kuinyonya kwa zamu.

"Zimebaki ngapi?"

"Kilomita thelathini. Mafuta ya thelathini na mbili."

"Punguza kidogo. Kaka angepunguza."

Akapunguza.

Petroli iliisha kituo kikiwa kimeonekana. Betri iliwasukuma kilomita ya mwisho kwa mwendo wa mtu anayetembea, ikakata tamaa hatua chache kabla ya pampu. Mhudumu akaja mbio na jagi la maji na kikombe.

Wifi alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakitazama, kisha akakisogeza kwenye midomo ya mwenzake.

"Kunywa wewe kwanza, wifi."

Tangu siku ya mazishi alikuwa hajamwita hivyo. Fundi cherehani alikunywa, maji na machozi pamoja, mguu wake ungali umeegemea kwenye mafuta, mwepesi, haujui kwamba wamefika.