Wiki Mbili Zilizozidi

Seremala alikuwa na wivu hata kabla ya kupata sababu. Jirani yao, fundi simu, alikuwa mcheshi. Mke wa seremala akicheka naye uani, mumewe alipiga randa kwa hasira mpaka ubao ukawa mwembamba.

Siku mimba ya mkewe ilipopimwa kwa altrasaundi, seremala alifurahi sana. Mkunga aliwaonyesha moyo wa mtoto ukidunda.

"Mimba ina wiki nane," akasema.

Tabasamu likamfutika seremala. Alikuwa mbali miezi mitatu akitengeneza madawati, na alirudi wiki sita zilizopita. Zile wiki mbili zilikuwa za nani? Moyoni alishapata jibu: fundi simu.

Nyumbani alisukuma sahani pembeni.

"Mimba hii ni ya nani?"

Mkewe hakuamini masikio yake. "Unasemaje wewe?"

"Mimi nina wiki sita hapa. Mimba ina nane. Nihesabie basi!"

Mkewe hakupiga kelele. Alianza kukunja nguo zake. "Kesho utamuuliza mkunga mbele yangu. Ukimaliza, mimi naenda kwa mama."

Kesho yake mkunga aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, siku mimba inapotunga hakuna anayeiona," alisema. "Lakini mama anaweza kukumbuka siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Basi tunaanza kuhesabu hapo. Mimba hutunga kama wiki mbili baadaye."

"Kwa hiyo wiki mbili za kwanza..."

"Mtoto hayupo bado. Ila tunazihesabu."

"Mbona mashine haikuuliza habari za hedhi?"

"Mashine inapima urefu wa mtoto, toka kichwani hadi makalioni. Mimba ikiwa changa, watoto karibu wote hukua kwa kasi moja. Ndiyo maana kipimo cha mapema hukadiria tarehe vizuri kuliko cha baadaye. Lakini jibu lake hutolewa kwa hesabu yetu hiyohiyo ya kuanzia hedhi."

Seremala aligusa futi ya chuma ya kupimia mbao iliyokuwa mfukoni. Ncha yake ilikatika zamani. Kila siku alianza kupima kwenye alama ya kumi, kisha akatoa kumi. Akisahau kutoa, mlango hauingii kwenye fremu.

"Sikutoa," alisema polepole. "Nane toa mbili. Ni wiki zangu sita."

"Sema yote," mkewe akamwambia.

"Nisamehe, mke wangu. Nimekuvunjia heshima kwa wivu wangu."

Mkunga akawapa tarehe ya kujifungua. "Haya ni makadirio. Wengi huzaliwa kabla au baada yake kidogo. Uchungu ukianza, njooni upesi. Tarehe ikipita bila uchungu, njooni pia."

Nguo zilikunjuliwa, ila si siku hiyo. Mke aliyetukanwa hivyo hapoi kwa neno moja.

Tarehe ilipita. Walikwenda kliniki, wakaambiwa mama na mtoto wako salama. Siku chache baadaye uchungu ulianza, na aliyekimbia kutafuta gari alikuwa fundi simu. Seremala alimshukuru akiwa ameinamisha kichwa.

Mtoto alizaliwa mzima, mwenye sauti kubwa.

"Haya, mtazame vizuri," mkewe alimtania. "Pua ya nani hiyo?"

Seremala alijishika pua yake pana, machozi yakamlengalenga.

"Yangu," alisema. "Maskini mwanangu."