Betri ya Masaa Matano

"Usikate," Mukhisa aliniambia. "Betri bado iko."

"Imefika ngapi?"

"Masaa matatu na nusu. Hii sasa ndiyo raptop, Jepkosgei!"

Nilicheka peke yangu. Mukhisa akichangamka, l na r zake hubadilishana viti, na mimi nilikuwa nimeanza kupenda kuzisikiliza zikihama. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Yeye alikuwa dukani kwake Bungoma, mlango umefungwa, ananipigia kwa laptop aliyokuwa anaipima. Mimi nilikuwa Matisi, Kitale, nimeketi nje na simu mkononi. Macho yangu yalielekea Mlima Elgon, lakini sikuuona mlima wala nini.

Mtu huyu nilikuwa nimemwona mara moja tu. Binamu yangu Linet ndiye alinipeleka dukani kwake. Nilikuwa na elfu thelathini na tano, na jicho langu likaangukia laptop moja nyembamba ya rangi ya waridi.

"Hiyo ni ya kupiga nayo picha," Mukhisa alisema. "Wewe unataka ya nini?"

"Kazi. Kuna kampuni inataka watu wa kusikiliza rekodi za mikutano na kuziandika, unafanyia nyumbani. Lakini kwanza kuna mtihani wa masaa matatu. Ukikatika katikati, umeanguka. Na kwetu stima hupotea ikitaka."

Aliirudisha ile ya waridi bila hata kuniuliza, akashusha nyingine nyeusi, nzito, ex-UK iliyotumika ofisi za Uingereza. Akaifungua na kuifunga mara nyingi, taratibu, sikio likiwa karibu na bawaba.

"Hii bawaba ni ya chuma. Kibodi ikimwagikiwa chai kidogo inavumilia. Betri unachomoa hapa chini, ikichoka unaweka ingine, hutupi mashini yote. Haina urembo, rakini utakaa nayo."

Hilo la kukaa alilisema akinitazama mimi. Moyo wangu uliruka, nikaukemea.

"Na betri nitajuaje ni nzima?"

"Hapo usiniamini kwa mdomo. Niko na tatu za aina hii. Nitakupigia na kila moja mpaka izime. Utahesabu mwenyewe."

Ya kwanza ilizima baada ya dakika arobaini, bado tunaulizana kama mvua imenyesha. Ya pili ilienda saa moja na nusu, nikajua kwao ni Malakisi na kwamba mtu mzima huyo anaogopa bata. Ya tatu ndiyo hii ya Jumapili. Iliingia saa ya nne, ikaendelea. Kuna wakati nilimsikia akipumua tu, na jua lilikuwa zuri hadi nikatamani lisisogee.

"Jepkosgei."

"Mm."

"Kama ungekuwa hapa ningekupikia chai."

"Kama ningekuwa hapo ningeinywa pole pole."

Masaa matano yalipotimia nilimwambia aitume hiyo. Ilifika Jumatatu, nami nikaitumia ikiwa kwa stima siku zote tatu, ati naitunza betri.

Alhamisi asubuhi nikaanza mtihani. Dakika ya hamsini stima ikapotea. Sikushtuka, hata nilitabasamu, nikijua nina masaa matano yangu. Dakika ishirini baadaye skrini ikawa nyeusi.

Nilimpigia papo hapo.

"Mukhisa, imezima!"

"Nini imezima?"

"Laptop! Dakika ishirini tu! Mtihani umekatika. Si nilihesabu mwenyewe masaa matano?"

Nikaikumbuka ile Jumapili: yeye dukani na laptop, mimi mbali nisione kitu.

"Mukhisa. Ulichomeka chaja?"

"Jepkosgei..."

"Ulichomeka?"

"Nilichomeka. Betri ilianza kulia mapema kwamba inaisha, ukinieleza vile mlikuwa mnapanda mahindi Saboti baba yako akiwa hai. Singeweza kukukata hapo, bana. Nikasema wacha amalize tu hiyo stori. Halafu sikutaka iishe."

"Na kuniambia?"

"Kila saa ikiongezeka ikawa ngumu. Nilishikwa na aibu."

Nililia kama mtoto. Mtu akikuibia kwa tamaa, unamtukana na roho inatulia. Huyu alinidanganya kwa kunipa kile kile nilichokuwa nakitaka, sasa nimtukane vipi?

"Usinipigie tena," nikakata.

Niliiandikia kampuni, nikaomba. Jibu likaja jioni: "Tunakupa nafasi moja ya mwisho, Jumamosi saa tatu asubuhi." Nililisoma mara kumi, nikaitazama ile mashini nyeusi, nikakosa la kufanya.

Kisha ujumbe wa Mukhisa: "Nakuja kesho. Sio kuongea. Naleta betri."

Nikaigeuza simu kifudifudi.

Ijumaa saa nne Mama alikuwa anapukuchua mahindi uani, Mukhisa akasimama langoni na shati lililopigwa pasi.

"Chamgei, Mama," alisalimia kwa Kikalenjin.

"Chamgei mising. Ni wewe yule wa masaa matano?"

"Ni mimi, Mama. Nilidanganya."

Mama alimtazama kutoka juu hadi chini, akamsogezea kigoda.

Mukhisa aliigeuza laptop, akachomoa betri mbovu, akatia nyingine. "Hii ni ya raptop yangu ya duka, ni aina moja. Niliinunua mpya mwaka jana. Usiniamini. Pima."

"Na chaja?" Mama akauliza.

Nikampa. Aliifunga ndani ya leso yake kiunoni, akakaza fundo. "Haya, sasa tuone."

Niliwasha laptop, nikaanza mazoezi ya kuandika rekodi. Mukhisa alipukuchua mahindi na Mama. Hakusema neno la mapenzi hata moja. Bata wa jirani alipoingia, alipandisha miguu kwenye kigoda, na Mama akacheka hadi machozi. Mimi niliuma mdomo nisicheke.

Masaa manne na dakika kumi, ikazima.

Akasimama, akajipangusa, akatia ile betri mbovu mfukoni. "Hiyo nzuri ni yako. Kesho Mungu akusaidie. Pole, Jepkosgei."

Nilitaka kumwambia kaa. Hasira ilinishika ulimi, akaenda.

Jumamosi stima ilipotea kabla ya saa nne. Mama alichomoa chaja upesi, akaifunga tena lesoni, ati stima hurudi na nguvu ikachoma vitu. Mashini haikuyumba. Niliandika hadi neno la mwisho, nikatuma, nikaiacha ikiwaka nisubiri jibu.

Saa nane jibu likaingia: "Umepita. Unaanza Jumatatu." Mama alinikumbatia na vumbi lote la mahindi. Ndani, taa ikawaka. Stima ilikuwa imerudi. Kwa laptop hiyo hiyo nikapiga Bungoma.

"Nimepita, Mukhisa."

Nilisikia akishusha pumzi ndefu. "Asante Mungu. Asante Mungu, Jepkosgei."

Nikapangusa vumbi la mahindi kwenye kibodi.

"Betri yako imebaki ngapi?" akauliza.

"Asilimia saba. Yako?"

"Yangu ndiyo ile mbovu, inazima saa hii. Na sijachomeka. Leo nikikatika, nimekatika kweli. Wacha tuagane mapema."

Nikainua macho. Mama alikuwa mlangoni, amekwisha kufungua fundo la leso, chaja mkononi. Nikaipokea, nikachomeka. Taa ndogo ikawaka ubavuni mwa laptop.

"Mukhisa."

"Mm."

"Mimi nimechomeka yangu. Chomeka yako."