Nipigie Alhamisi Uniambie Umekula Nini

"Kilo nne na nusu tangu juzi!" Nesi Otilia alishika kiuno mbele ya mizani. "Bwana Nistor, umeunywa mto Danubi peke yako?"

"Nimekunywa supu tu."

"Supu ya nini?"

"Kabichi ya chumvi. Na soseji kidogo."

"Unakula chumvi, kiu inakubana, unakunywa. Na figo hazitoi maji, kwa hiyo yanakujaa mpaka kwenye mapafu. Nani anakupikia?"

"Najipikia."

"Mkeo?"

"Yuko Italia."

"Italia hakuna simu?"

Nistor alikuwa seremala wa miaka hamsini na miwili, na huu ulikuwa mwezi wa pili akisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, katika mji wa Turnu Severin, kando ya Danubi. Simu anayo. Uso wa kupigia ndio hana. Siku mkewe Saveta alipoondoka kwenda Bologna, Italia, kutunza wazee, Nistor alimwambia mlangoni, "Ukivuka mpaka, usinijue tena." Saveta akavuka. Miezi ya mwanzo alikuwa anapiga, Nistor anakata. Mwisho akaacha. Sasa ilikuwa miaka sita.

Alhamisi mchana akapiga.

"Haloo? Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Nistor."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nilitaka kuuliza... viazi vya mgonjwa wa figo vinapikwaje?"

"Miaka sita, Nistor! Miaka sita, halafu unaniuliza viazi?"

"Figo zangu zimekwisha, Saveta."

Alisikia pumzi ikikatika upande wa pili. Saveta hakuhitaji maelezo. Baba yake, kama wazee wengi wa vijiji vyao, aliugua figo. Aliishi na mashine miaka tisa, na bintiye ndiye aliyempikia.

"Kalamu unayo?" sauti yake ilikuwa imebadilika. "Menya, kata vidogo, loweka, maji mwaga. Chemsha kwenye maji mengi, mwaga. Tia maji mapya, chemsha tena mpaka viive, na hayo pia mwaga. Chumvi usiguse."

"Vitakuwa na ladha gani?"

"Tia siki, kitunguu saumu, majani ya shibiti. Mtu mzima unalilia chumvi kama mbuzi?"

Nistor alicheka, na kicheko kikamshangaza mwenyewe.

"Nipigie Alhamisi," Saveta akasema. "Uniambie umekula nini."

Alhamisi ndiyo siku wanawake wanaotunza wazee huko Italia hupumzika mchana. Saveta alikaa bustanini na wenzake, na Nistor aliwasikia wakipiga kelele, "Pokea, mume wako wa viazi huyo!" Naye aliuliza kila kitu. Samaki? Kula, ila umchome mwenyewe, si wa kopo. Yai? Kula, ute mweupe hasa. Nyanya?

"Nyanya kipande tu. Na jibini la chumvi mpe jirani."

"Jirani atanenepa."

"Mwache anenepe. Wewe nakutaka hai."

Saveta akasema haraka kwamba mzee anayemtunza anamwita, japo yeye alikuwa bustanini na wenzake.

Siku za katikati zilikuwa ndefu. Nistor alipika chakula cha mtu mmoja, akala akiitazama saa ya ukutani. Usiku mmoja aliandika, "Nakumbuka mikono yako ikinukia shibiti." Alitaka kufuta, akatuma.

Jibu lilikuja asubuhi: "Maji umekunywa vikombe vingapi?"

Aliusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko barua yoyote maishani mwake.

Uzito wake ukashuka, pumzi ikarudi. Kisha, mwezi wa nane tangu simu ya kwanza, Saveta alipiga Jumatano, Nistor akiwa amelala kwenye mashine. Otilia akapokea.

"Ahaa, mama! Mumeo ndiye mwalimu wetu hapa. Alifundishwa mambo ya chakula na mtaalamu wetu tangu majira ya baridi, sasa anawafundisha wagonjwa wapya. Kila kitu anakijua."

Jioni simu ya Nistor ikaita.

"Unakijua kila kitu?"

"Nakijua."

"Tangu lini?"

"Viazi nilikuwa sivijui, nakuapia. Yaliyofuata... mengi nilikuwa nayajua."

"Mpaka Alhamisi iliyopita uliponiuliza wali?"

"Hata wali."

"Kwa nini unanichezea, Nistor?"

"Sikuweza kusema samahani. Nikawa nasema wali."

"Basi iseme sasa."

"Nisamehe, Saveta. Nilikufungia mlango ukiwa umekwenda kututafutia riziki. Kila siku nilitaka kupiga. Kiburi kilinizuia, na nilipougua nikaona aibu kukuita kwa sababu tu naumwa."

"Nimesikia," alisema, akakata.

Alhamisi ikapita bila simu. Ya pili ikapita. Nistor aliendelea kupika na kupima maji yake, kwa sababu alikuwa ameambiwa aendelee kuwa hai.

Ijumaa alitoka hospitalini akiwa na bandeji mkononi palipochomwa sindano za mashine. Kwenye benchi la nje alikaa mwanamke aliyeanza kuota mvi, sanduku miguuni.

"Umekonda," Saveta alisema.

"Umekuja kwa muda gani?"

"Yule mzee wangu amechukuliwa na mwanawe. Niliambiwa kuna kazi nyingine, nikakataa."

Nistor akajifuta macho. Saveta akasimama, akamshika mkono ule usio na bandeji, akauminya kwa nguvu.

"Usinililie barabarani. Kuku unaye nyumbani?"

"Ninaye."

"Basi twende. Nina njaa tangu mpaka wa Hungaria, na leo unapika wewe."