Nyuzi Nyekundu Kwenye Masuke

Likizo nzima, saa tatu na nusu asubuhi ilimkuta Aika kwenye jaruba la mpunga la mama yake huko Mabogini, miguu ndani ya tope na nyuzi za rangi shingoni. Kazi hiyo alipewa na Dokta Dafroza, mtafiti wa mpunga: maua yakifunguka, afunge uzi kwenye suke. Jumatatu bluu, Jumanne nyekundu, Jumatano njano. Maua ya mpunga hayana subira. Hufunguka asubuhi, na jua likifika utosini yameshajifunga.

Aika alimpenda sana Dokta Dafroza. Nani mwingine angesimama topeni kumweleza mtoto wa darasa la sita siri za punje?

"Ndani ya punje changa kuna vitu vidogo mno vinaitwa RNA," Dokta alimwambia. "Baadhi hubeba maelekezo ya kutengeneza protini. Nyingine hazitengenezi protini yoyote, na zamani tulizidharau. Kumbe ndizo husaidia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze wakati punje inajaa wanga."

"Ndiyo maana nyingine zinakuwa mapepe?" Aika aliuliza. Mwaka uliopita mama yake alivuna magunia ya maganda matupu.

"Huenda. Ndicho ninachotafuta. Lakini RNA hizo hubadilika siku hadi siku, kwa hiyo lazima nijue umri wa kila punje, na rangi ya uzi ndiyo inayonionyesha."

Jumanne moja mchezo wa rede ulinoga. Aika na rafiki yake Justina walicheza hadi saa saba. Alipofika jarubani, maua yote yalikuwa yamejifunga. Akababaika, akachagua masuke ishirini kwa kukisia, akayafunga nyuzi nyekundu.

Siku kumi baadaye Dokta alikuja na mkasi na chombo chenye baridi kali. "Tuanze na nyekundu," alisema.

Aika aliogopa kunyang'anywa kazi aliyoipenda kuliko zote. Mkasi ulipogusa suke la kwanza, akasema, "Dokta, usikate. Jumanne ile nilichelewa. Nilibahatisha. Naomba unisamehe."

Mama yake, aliyekuwa akipalilia karibu, aliinuka akamtazama. Dokta aliketi kwenye tuta, akafungua daftari lake la utafiti, akafuta mstari mzima wa Jumanne ile.

"Umeniumiza, Aika. Siku kumi zimepotea. Lakini jaruba la chini lilipandwa kwa kuchelewa, litaanza kuchanua kesho. Utakuwepo?"

"Nitakuwepo kabla ya saa tatu."

"Basi nisikilize. Kule maabara tungeamini uzi wako. Tungeandika majibu ya uongo bila kujua, na wakulima kama mama yako wangechaguliwa mbegu kwa majibu hayo. Kosa uliloniambia nimelifuta kwa kalamu. Ungelificha, watu wangelipanda."

Kisha akamkabidhi daftari. "Kuanzia kesho utaandika mwenyewe."