Tarishi wa Venanti

Uji ulikuwa bado unatokota kikombeni Venanti alipouinua na kuunywa wote, bila kupuliza, bila kupumzika. Alipokiweka kikombe mezani midomo yake ilikuwa imegeuka myeupe, na ngozi ya mdomo wa chini imeanza kubambuka. Alimtazama mkewe, akatabasamu.

"Umepoa, mama Careen. Kesho uwahi kidogo."

Evaline alikuwa bado ameshika sufuria kwa kitambaa, na hata hivyo vidole vilikuwa vikiungua.

"Baba Careen, umeungua."

"Wapi?" aliuliza Venanti, kama mtu anayeulizwa habari za mbuzi wa jirani.

Ilikuwa mwaka 2013, na haikuwa imepita miezi mingi tangu kijiji chote cha Rungwe Mpya kijae uani kwao kumwona Venanti akitembea tena. Evaline hakutaka kuiharibu furaha ile. Alimpaka mumewe asali mdomoni, akachukua chaki zake akaenda shuleni.

Evaline alikuwa mwalimu. Serikali ilimpangia Kasulu kutoka kwao Singida akiwa binti mbichi, akaja na sanduku moja na baridi ya milimani ikamtesa, mpaka alipokutana na Venanti, seremala aliyemtengenezea kitanda akakataa kuondoka bila kuahidiwa chai. Venanti alikuwa mtoto pekee wa Esteri, mama aliyevuka kutoka Burundi zamani, mtoto huyo akiwa mgongoni. Wanne hao waliishi nyumba moja: Esteri, Venanti, Evaline, na Careen, binti yao aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno ya pili.

Siku Venanti alipoanguka alikuwa karakanani akipiga randa ubao wa mlango. Hospitali ya mjini walimlaza, na daktari mmoja kijana, mwenye sauti ya upole, akamweka Evaline kwenye benchi akamweleza.

"Mshipa umepasuka nyuma ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo. Ubongo wenyewe ni mzima, mwalimu. Anasikia, anaelewa, anakumbuka. Akitaka kuinua mkono, amri inatolewa vizuri kabisa. Ila haiteremki. Njia imekatika."

"Itaunganika lini?"

Daktari alianza kumweleza jinsi ya kumgeuza mgonjwa kitandani.

Kilichobaki kwa Venanti ni macho. Aliweza kuyapandisha na kuyashusha, basi. Akiyapandisha maana yake ndiyo, akiyashusha hapana. Kwa macho hayo aliomba maji, aliomba kugeuzwa, na siku moja Evaline alipomuuliza kama amechoka kuishi, aliyapandisha yakakaa juu muda mrefu.

Ndipo Evaline alipokwenda kwa Kuruthumu.

Kuruthumu alikuwa mganga Kasulu mjini, mwanamke mnene, mwenye haraka, asiyependa maneno mengi. Alikuja nyumbani mchana kweupe, akamkagua Venanti kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Esteri, aliyekuwa mtu wa kanisani, alichukua Biblia yake akaenda kukaa kwa jirani.

"Ninalo moja," alisema Kuruthumu. "Majini mengine yanataka damu, mengine manukato. Hili linataka kazi. Mimi naliita Tarishi. Litachukua amri kichwani, literemshe mikononi na miguuni. Litachukua habari za mwili, lipandishe kichwani. Ila njia itakuwa yake. Kila kitu kitapita kwake."

"Na likidanganya?"

"Kwani hao wanaobeba habari ndani yako wewe, mwalimu, uliwahi kuwauliza kama wanasema kweli?"

Evaline aliinama sikioni mwa mumewe akamweleza yote, hakuficha hata neno. Kisha akamuuliza: unataka? Macho ya Venanti yalipanda.

Kuruthumu alifukiza ubani na mvuje mpaka chumba kikawa hakionekani. Moshi ulipotulia, mkono wa kulia wa Venanti ulijikuna goti.

Wiki ile watu waliimba. Wanakwaya walikuja na ngoma, Esteri akasamehe kila kitu akacheza mpaka kitenge kikamdondoka. Venanti alirudi karakanani. Alikula, alicheka, alimbeba Careen mabegani. Kama kulikuwa na kasoro, ilikuwa ndogo: midomo yake ilianza kusema kabla sauti haijatoka, kisha sauti ikafuata nyuma, kama redio inayoshika mawimbi kwa taabu.

Kisha ukaja ule uji. Na baada ya uji, alirudi kutoka karakanani akiacha alama nyekundu sakafuni, msumari mzima umezama kisiginoni, na alipoulizwa akasema barabara leo ilikuwa laini. Baada ya msumari, alimpapasa Careen kichwani kama kawaida yake, akapapasa, akapapasa, na mkono ukazidi kuwa mzito mpaka mtoto akapiga magoti akilia, na Venanti akiwa amemtazama kwa mapenzi tele akauliza, "Mbona mwanangu anacheka hivi?"

Evaline alimkwapua mtoto. Hapo alisikia harufu. Ilikuwa inatoka puani na masikioni mwa mumewe, harufu ya nywele zinazoungua, na alipomsogelea alisikia ndani ya sikio lake sauti ndogo mno, ya haraka, ikinong'ona bila kupumua, kama mtu anayemsomea kipofu barua na kubadilisha maneno.

"Mama," alimnong'oneza Esteri jikoni. "Umemwona?"

Esteri hakugeuka. "Nimemwona. Uyu si umwana wanje. Huyu si mwanangu, Evaline. Mwanangu yumo, lakini huyu si yeye."

"Nitamfuata Kuruthumu kesho."

"Nenda leo."

Lakini ilikuwa Jumapili, na Evaline alijua kwamba siku hiyo Kuruthumu huzunguka vijijini. Akasema kesho. Neno hilo alilijutia maisha yake yote.

Mchana ule Esteri alikuwa anaandaa ugali wa muhogo. Maji yalikuwa yamechemka, unga haujatiwa. Evaline alikuwa nje anaanua nguo aliposikia sauti ambayo kwanza alidhani ni ya mnyama, akatupa nguo akakimbia, na mlangoni mwa jiko akamkuta Venanti amesimama nyuma ya mama yake, kifua chake kimeubana mgongo wa bikizee, mkono wake wa kulia umeshika kiwiko cha Esteri, na mkono wa Esteri wote, vidole mpaka karibu na kiwiko, umo ndani ya sufuria, na Venanti anauzungusha, taratibu, kwa ustadi, huku akiimba wimbo wa kwaya. Evaline alimpiga ukuni wa bega, akampiga wa shingo, akamng'ata mkono mpaka akaonja damu, na Venanti hakugeuza hata shingo, aliendelea kukoroga na kuimba, na Esteri alikuwa hapigi kelele tena bali anafungua na kufumba mdomo tu, mpaka Evaline alipopiga teke jiwe la meko na sufuria likapinduka na maji yakamwagika juu ya miguu yao wote watatu.

Venanti aliutazama mkono wake mtupu.

"Mwiko umeenda wapi?" alisema. "Nilikuwa namsaidia mama."

Majirani walimkimbiza Esteri zahanati kwa pikipiki, Careen akachukuliwa na mke wa mchungaji. Evaline, miguu ikiwa na malengelenge, alikaa uani mbali na mumewe, na Venanti akakaa kizingitini akimtabasamia, akimwita mtoto kwa sauti tamu, "Careen, njoo nikusuke nywele, njoo kwa baba," akarudia hayo tangu jua la mchana mpaka lilipozama, bila kuchoka, kwa sauti ile ile, na kila alipoita vidole vyake vilijikunja na kujikunjua juu ya magoti.

Jirani alimfuata Kuruthumu kwa pikipiki, naye akafika asubuhi. Alipomwona Venanti hakuingia ndani, alifukizia pale pale kizingitini. Moshi ulipomfikia, tabasamu lilitoka usoni mwa Venanti kama kitambaa kilichovutwa.

"Toka," alisema Kuruthumu. "Nilikupa kazi, hukupewa nyumba."

"Kazi naifanya." Safari hii midomo haikutangulia. Sauti na midomo vilikwenda pamoja, na sauti haikuwa ya Venanti. "Anaagiza, nabeba. Mwili unasema, nabeba. Hamkuniambia nisiguse vilivyomo njiani."

"Mume wangu anajua ulichofanya?" Evaline aliuliza.

"Wakati ule hakujua. Nilimwonyesha mwiko, nilimsikizisha mama yake akimshukuru. Baadaye usiku nikampelekea ukweli. Kilio cha mama yake nimempelekea mara nyingi kuliko alivyolia mwenyewe." Jini likacheka. "Tangu hapo anaagiza kitu kimoja tu. Anaiagiza mikono imnyonge yeye mwenyewe. Hiyo sijaibeba."

Kuruthumu akaongeza mvuje kwenye chetezo.

"Nikitoka, natoka na njia zangu," likasema jini. "Zamani alikuwa na macho na masikio. Sasa hata hayo yanapita kwangu. Nikiondoka hatakuona, hatakusikia, hatajua kama amelala au amesimama. Atabaki humu anafikiri, peke yake, gizani, mpaka moyo uchoke. Muulize kama anataka."

Kuruthumu alimtazama Evaline, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka. "Ni kweli linavyosema. Amua wewe, mwalimu."

Evaline alipiga magoti mbele ya mumewe, akaushika uso wake kwa mikono miwili. "Venanti. Mume wangu. Nilitoe?"

Macho ya Venanti yalipanda juu, yakakaa.

"Amekubali," Evaline alinong'ona, machozi yakimtoka. "Amesema ndiyo."

"Nani kakujibu?" liliuliza jini. "Macho hayo nimeyapandisha mimi. Au siyo mimi?"

Evaline alibaki ameushika uso ule, akiyachungulia macho, akitafuta humo mtu aliyelala naye miaka yote ile, na macho yalimtazama yakiwa yamelowa, mazuri, yale yale, wala hayakumwambia kitu. Nje ya ua, mtoto wa jirani alipita akicheka. Vidole vya Venanti vikajikunja.

"Litoe," alisema Evaline.

Kuruthumu alilitoa. Halikupiga kelele. Venanti alilegea tu, kiungo kwa kiungo, miguu kwanza, kisha mikono, kisha shingo, kama nyumba inayozimwa taa chumba baada ya chumba, na mwisho macho yakabaki wazi, hayafuati kitu. Alikuwa anapumua. Kuruthumu alimwekea kiganja kwenye paji la uso, akasikiliza.

"Limetoka miguuni," alisema. "Limetoka mikononi. Humu..."

Akaondoa kiganja haraka, akaanza kufunga vitu vyake.

"Humu nini, bibi?"

"Mlishe. Mwoshe. Mgeuze asioze." Malipo yake hakuyachukua.

Esteri alikatwa mkono hospitali ya mjini. Aliporudi alikaa kando ya kitanda cha mwanawe akamwimbia Kirundi, na Venanti hakuonyesha lolote, mapigo ya moyo wake yakaenda taratibu kama ya mtu aliyelala. Yule daktari kijana alikuja akamulika macho kwa tochi, akasema hakuna kinachoingia.

Evaline hakumwamini. Jioni moja alijilaza karibu na mumewe, akaweka sikio kifuani pake, na kwa sauti ya chini akaanza kumweleza yote yaliyokuwa yamemjaa: kwamba hana kosa, kwamba mama amemsamehe, kwamba Careen anajua kusoma sasa, kwamba anampenda.

Moyo wa Venanti ulishtuka. Ukaanza kukimbia. Evaline alinyanyuka kwa furaha, akamkumbatia, akayarudia maneno yale karibu zaidi na sikio, nakupenda, nakupenda, nimekusamehe, na moyo ukazidi kwenda mbio mpaka ukawa unagonga mbavu, jasho likamtoka mumewe usoni na shingoni na kulowanisha mto, mkojo ukamtoka, na koo lake lisilosema kitu likaanza kutoa mlio mwembamba, mrefu, na ndipo Evaline alipoitambua hali ile kwa sababu alikuwa ameiona kwa Esteri mbele ya sufuria. Haikuwa furaha. Maneno yake yalikuwa yanafika. Kuna aliyeyapokea njiani, na Evaline hakujua yalikuwa yanafika yakiwa nini.

Akanyamaza. Taratibu, taratibu, moyo ukatulia.

Venanti aliishi mpaka mwaka 2015. Evaline alimlisha, akamwosha, akamgeuza asioze, na siku zote hizo, mle chumbani, hakumwambia tena hata neno moja.